Birika la kahawa: Kabla ya kununua, tazama maji, moto na safari

KATIKA maboma ya Waborana huko Rapsu, Kaunti ya Isiolo, kahawa haihitaji mtambo wala umeme. Buni kavu, zikiwa bado na maganda yake, hukatwa ncha, hukaangwa kwa samli, kisha hutiwa maziwa. Mgeni hunywa maziwa hayo na kuzitafuna buni zenyewe.

Mapishi hayo yalitokana na kilichopo: samli, maziwa na moto wa kuni. Anayetaka kununua chombo cha kutengenezea kahawa kwa mkono hana budi kufuata busara iyo hiyo, la sivyo atapoteza fedha zake.

Chombo kinachopendwa sana majumbani ni birika la kioo lenye chujio la kubonyeza. Kahawa iliyosagwa kwa chembe kubwa hulowekwa katika maji moto kwa dakika 4 hivi, kisha chujio husukumwa chini. Birika hilo hutosheleza wageni kadhaa kwa mara moja. Hata hivyo, kioo hakistahimili mitikisiko ya barabara mbovu, na machicha yanayobaki ndani hudai maji mengi wakati wa kuosha. Penye bomba hilo si neno. Panapotegemewa maji ya mitungi, ni hasara.

Birika la Moka, lililobuniwa Italia mwaka 1933, ni la alumini na halivunjiki. Mvuke husukuma maji yapite katika kahawa hadi sehemu ya juu. Hufanya kazi vyema kwenye jiko la makaa au la gesi, mradi ndimi za moto zisiufikie mkono wake wa plastiki. Msafiri anayelala mahali penye birika la umeme tu hatalitumia.

Chujio la karatasi, alilolivumbua Mjerumani Melitta Bentz mwaka 1908, ni jepesi na hutoa kahawa isiyo na machicha. Tatizo ni kwamba karatasi zikiisha mbali na mjini, shughuli imekwisha.

Kwa msafiri, AeroPress, iliyoletwa sokoni na Mmarekani Alan Adler mwaka 2005, ina faida nyingi. Ni bomba la plastiki. Kahawa huwa tayari kwa dakika moja au mbili, na machicha hutoka yakiwa kipande kimoja kikavu, hivyo maji kidogo hutosha kuliosha. Lakini hutoa kikombe kimoja kimoja, nayo pia huhitaji vichujio vya karatasi au cha chuma kinachooshwa.

Kwa ufupi, mwenye wageni na maji tele achukue birika la kubonyeza. Mwenye jiko la makaa, Moka. Mwenye safari, AeroPress yenye kichujio cha chuma. Chombo chochote utakachochagua, anza na gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji.

Na asiye na uwezo asisikitike. Sufuria, moto wa wastani na subira ya kuacha machicha yatuame vingali vinatoa kahawa nzuri.