Mtihani si Hukumu: Kwa Nini Mwalimu Humpima Mtoto



Safari hii sitaandika juu ya mishahara wala saa za ziada. Nataka tuzungumze juu ya ile karatasi ya ripoti anayorudi nayo mtoto nyumbani mwisho wa muhula. Wengi wetu huipokea kama barua ya polisi. Hutazama namba moja tu, tukafurahi au tukakasirika, kisha karatasi ikawekwa juu ya kabati. Haya ni makosa, na wanaoyalipia ni watoto wetu.

Mwanachama wetu mmoja anafanya kazi ya kupokea maziwa katika kiwanda kimoja hapa Mbarara. Alikimbia vita Kongo, na mke wake na watoto wanakaa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro. Siku moja alikuja ofisini akiwa amekasirika sana. Binti yake wa miaka 12 alikuwa amefika darasa la tano kule kwao. Alipopelekwa shule huku alipewa mtihani, akawekwa darasa la tatu.

"Ndugu katibu," akasema, "mtoto wangu wamemrudisha nyuma miaka miwili. Heri aache shule, akamsaidie mama yake vibarua vya kulima."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, kabla hujamtoa, twende kwanza tukamwone mwalimu."

Kipimo cha maziwa

Njiani nilimwuliza juu ya kazi yake. Maziwa yakifika kiwandani, hayamiminwi moja kwa moja ndani ya tangi. Kwanza huchukua kile kidude cha kioo kinachoelea, akakitumbukiza. Kama mtu ametia maji, kidude huzama zaidi. Kisha huchanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakiganda mabonge, yameanza kuharibika.

Nikamwuliza, "Kidude kile chaweza kukuambia kama maziwa yameanza kuchacha?"

Akacheka. "La, kile ni cha maji tu. Kila kipimo kina kazi yake."

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mtihani nao ni kipimo, na kila kipimo husema jambo moja. Lakini iko tofauti kubwa. Maziwa yakishindwa, hukataliwa yakarudishwa kwa mwenyewe. Mtoto hakataliwi. Mtoto akishindwa, maana yake kazi ya kumfundisha ndiyo kwanza inaanza, na sasa mwalimu anajua aanzie wapi.

Sababu tatu

Mwalimu humpima mtoto kwa sababu tatu, nazo yatupasa kuzitofautisha.

Kwanza, humpima mwanzoni ili ajue mtoto anaingia na nini. Nakivale jambo hili ni kubwa, maana darasa moja huwa na watoto kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Aliyetoka Kongo au Burundi huenda alisoma kwa Kifaransa. Hapa Uganda, tangu mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza yalipangwa yafundishwe kwa lugha ya mahali, darasa la nne ni la kuvukia, na baada ya hapo masomo ni kwa Kiingereza.

Pili, humpima katikati ya masomo, kwa maswali darasani, mazoezi ya daftari na majaribio ya kila mwezi. Kipimo hiki ndicho chenye faida kuliko vyote, ingawa sisi wazazi hatukitilii maanani. Mwalimu akiona nusu ya darasa wamekosa swali lile lile, ajue hapo somo lake halikueleweka, alirudie kwa njia nyingine. Kwa hiyo mtihani humpima mwalimu pia.

Tatu, humpima mwishoni, ili mtoto apate cheti na kuendelea mbele. Huu ndio mtihani wa darasa la saba, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, lililoundwa mwaka 1983. Masomo ni manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo hupewa daraja kutoka 1 mpaka 9, kisha madaraja hujumlishwa.

Hapa wazazi wengi hupotea. Katika jumla hii, namba ndogo ndiyo bora. Mwenye 4 amepata daraja la juu kabisa katika masomo yote manne. Kutoka 4 hadi 12 ni divisheni ya kwanza, 13 hadi 23 ya pili, 24 hadi 29 ya tatu, na 30 hadi 34 ya nne. Namjua baba mmoja aliyemchapa mtoto kwa kupata 11, akamsifu mwenzake kwa kupata 28.

Namba haisemi sababu

Tulipofika shuleni, mwalimu hakubishana nasi. Alileta karatasi ya binti, akaiweka mezani. Hesabu za namba tupu, za kuzidisha na kugawanya, alikuwa amezipata zote. Lakini hesabu za maneno, zilizoandikwa kwa Kiingereza, aliziacha wazi, hata kalamu hakugusa.

Mwalimu akamwita binti, na mwalimu msaidizi, ambaye naye ni mkimbizi, akamwuliza kwa Kiswahili: "Mama ana ndizi 96, akiwagawia watoto 8 sawasawa, kila mmoja atapata ngapi?" Binti akajibu papo hapo, "Kumi na mbili."

Ndugu zangu, baba yake aliinamisha kichwa. Mtoto hakukosa akili wala hesabu, alikosa Kiingereza. Namba iliyokuwa juu ya karatasi isingemwambia hivyo. Ilibidi mtu aifunue karatasi na kutazama makosa yenyewe.

Tukakubaliana hivi: abaki darasa la tatu muhula ule, apewe Kiingereza zaidi jioni, na apimwe tena mwisho wa muhula. Baba hakufurahi sana, lakini hakumtoa shule.

Kukaa darasani si kujua

Wengine watasema, basi kwa nini asiachwe darasa la tano, apande tu na wenzake? Jibu tumeliona kwa macho yetu. Shule za Uganda zilifungwa kwa korona mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Zilipofunguliwa, watoto walipandishwa madarasa ingawa hawakuwa wamesoma. Jina la darasa lilibadilika, ujuzi ulibaki pale pale. Hata kabla ya hapo, tangu mwaka 2010, watu wa Uwezo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kwa kazi ya darasa la pili, wakakuta wengi wa madarasa ya juu hawaiwezi. Bila kupima, nani angejua?

Serikali nayo imeanza kuona kwamba mtihani wa siku moja hautoshi. Katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020, kazi anazofanya mwanafunzi mwaka mzima huhesabiwa 20 katika 100, na mtihani wa mwisho 80. Waliofanya mtihani huo kwa mara ya kwanza ni wale wa mwaka 2024.

Mwalimu naye ni mfanyakazi

Tusisahau anayefanya kazi hii. Darasa la Nakivale laweza kuwa na watoto zaidi ya 100. Chukua watoto 120, na dakika 2 kwa kila daftari. Hizo ni dakika 240, yaani saa 4 za kusahihisha zoezi moja la somo moja, mara nyingi usiku, bila malipo ya ziada. Sisi tunaojua maana ya saa za ziada tusimcheke mwalimu anapochelewesha daftari. Tumsaidie kudai walimu zaidi.

La kufanya

Ripoti ikija, usiulize tu "Umekuwa wa ngapi?" Nenda shuleni ukamwulize mwalimu maswali haya:

1. Ni jambo gani hasa ambalo mtoto wangu hajalijua?
2. Amekosa somo, au amekosa lugha?
3. Shule itafanya nini, na sisi nyumbani tufanye nini?
4. Atapimwa tena lini?

Na matawi yote yaweke jambo hili katika madai: mfanyakazi apewe nusu siku kila muhula, bila kukatwa mshahara, aende shule ya mtoto wake. Mimi niliishia darasa la saba, na sikumbuki hata mara moja baba yangu alipofika shuleni kuuliza. Alikuwa kazini, naye hakuwa na ruhusa.

Binti yule alipimwa tena mwisho wa muhula. Sasa yuko darasa la nne. Juzi baba yake alikuja ofisini na ripoti mkononi, akaifungua, akaniwekea kidole si kwenye jumla, bali kwenye mstari wa Kiingereza. "Hapa, katibu," akasema, "hapa ndipo bado tunapambana."