Nguvu ya Machi Hutengenezwa Desemba

Arua na Koboko si nchi ya farasi, kwa kuwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o humuua upesi. Mnyama wa kazi wa huku ni maksai, naye huitwa shambani mwezi Machi au Aprili, mvua za kwanza zinapolainisha udongo, yaani mara tu baada ya kiangazi kumkondesha. Maksai wa kilo 300 huvuta kwa muda mrefu mzigo wa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Akipungua kilo 50, plau imeshapoteza nguvu kabla hajafungwa nira. Wengi hujaribu kuirudisha kwa pumba asubuhi ya kulima. Wamechelewa. Siku ya kazi hudai nishati karibu mara moja na nusu ya siku ya mapumziko, ilhali maksai haongezi kula kwa kadiri hiyo, maana saa za nira humpunguzia muda wa kula na kucheua. Anachochoma ni akiba ya mwili wake.

Akiba hiyo huliwa na kiangazi kwa sababu ya upungufu wa protini. Vijidudu vya tumbo la kwanza huhitaji lishe yenye protini kama asilimia 7, na nyasi kavu za Januari mara nyingi hazifiki hapo, kwa hiyo ng'ombe hujaza tumbo kwa kitu kisichosagika. Muhogo, ambao huku haukosekani, hauzibi pengo hilo: ni wanga mtupu, na aina chungu isipokaushwa vizuri ina sumu. Kinachofaa ni mashina na majani ya karanga za msimu wa pili, ambayo mara nyingi huachwa yaoze. Yaanikwe kivulini ili majani, yenye protini nyingi, yasipukutike.

Atakayesema kwamba adui ni nagana, si njaa, ana nusu ya hoja. Lishe haiui vimelea. Dawa na vitambaa vidogo vya buluu vya kuulia mbung'o kandokando ya mito vina kazi yake. Lakini nagana humaliza damu, na mwili usio na protini huirudisha kwa shida. Pingamizi zito zaidi ni uhaba wa mikono wakati wa mavuno. Hata hivyo, kazi si kubwa: kilo 2 za mabaki hayo ya karanga kwa kila maksai kwa siku kwa miezi mitatu ni kilo 360 kwa maksai wawili, na ekari moja ya karanga zilizostawi hutoa zaidi ya hizo.