Gari Imekula Kutu? Soma Hii Kabla Fundi Awashe Grainda

Msee, kama unaona lami kupitia sakafu ya gari, rangi haitakuokoa. Kutu hukatwa mpaka chuma safi, ndio kiraka kishike kikichomelewa. Kwa magereji ya jua kali Kawangware na Kibera, swali ni moja: utakata na nini?

Tindo na nyundo ni bei rahisi na hazitaki stima, lakini zinakunja bati. Makasi ya bati hukata bila cheche, bora bati iwe nyembamba na mkono uingie. Grainda ndio mnoma kwa laini ndefu. Itisha diski nyembamba ya kukata, ya milimita 1, sio ile nene ya kusaga.

Noma ni cheche. Mathree imejaa sponji za viti, kapeti na waya, na tanki ya mafuta iko hapo chini. Toa vitu za kushika moto kwanza, weka mchanga karibu, vaa miwani. Gadi ya grainda isitolewe: diski ndogo huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, na ikipasuka haichagui uso.

Karibu na tanki? Makasi pekee. Fundi akisema unamchelewesha, buda, peleka gari kwingine.