JINSI KIAZI KINAVYOPONYA JERAHA LAKE

Kila mmoja wetu amepata kujikata kidole. Damu hutoka, kisha huganda. Baada ya siku chache huonekana kigaga, na chini ya kigaga ngozi mpya. Je, wajua kwamba kiazi mviringo nacho, kisicho na damu wala sauti ya kulia, huweza kujiponya?

Katika milima ya Ileje, mkoani Songwe, watu hulima viazi hivyo. Wakati wa kuvuna, jembe hukata baadhi yake, na vingine huchubuka kwa kutupwa. Tuseme magunia mawili yametoka shamba moja, yakapelekwa sokoni Tunduma, mpakani mwa Zambia. Moja lafunguliwa, viazi ni vizima. La pili lafunguliwa, latoka maji yanayonuka. Jasho la miezi mingi limepotea. Kwa sababu gani?

Kwanza yatupasa kujua kwamba kiazi kilichovunwa hakijafa. Kiazi ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na macho yake ni machipukizi. Hata ndani ya gunia chapumua. Mwili wake umejengwa kwa chembe ndogo sana, nasi huzitazama kwa hadubini. Ganda lake ni safu za chembe zilizokufa, ambazo kuta zake zimejaa kitu mfano wa nta, kiitwacho suberini. Kitu hicho kimo pia katika gome la mti wa Ureno ambalo watu huchonga vizibo vya chupa. Basi ganda ni kizibo cha kiazi: huzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie.

Jembe likikata ganda, mlango umefunguka. Chembe zilizokatwa hufa, lakini zile zilizo chini yake huanza kazi mara. Kwa siku chache za kwanza hutia suberini katika kuta zake, kama mtu aliyebomokewa na ukuta usiku akatundika mkeka mpaka kuche. Kisha, chini ya mkeka huo, chembe hugawanyika. Moja huwa mbili, nazo hujipanga safu juu ya safu kama matofali. Zile za nje hujaa suberini, hufa, na kuwa ganda jipya. Kazi hiyo huchukua kama wiki moja au mbili.

Lakini kiazi hakiwezi kazi hiyo pasipo joto la kadiri, yapata digrii 15 hadi 20, pamoja na hewa safi yenye unyevu. Baridi nyingi huichelewesha. Joto kali, kama la bonde la Ziwa Rukwa, huvipa nguvu vijidudu vya kuozesha. Wengine hudhani kwamba jua litaponya jeraha upesi. Sivyo! Jua huua chembe za juu kabla hazijajenga, na mwanga hugeuza kiazi kuwa kijani chenye sumu. Tena kiazi kilichofungwa kikiwa kimelowa maji hukosa hewa, kikaoza na kuambukiza jirani zake.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara huacha viazi ardhini kama wiki mbili baada ya majani kukauka, ili ganda likomae. Huchimba mbali kidogo na shina. Vilivyokatwa sana huliwa kwanza. Vilivyochubuka kidogo hutandazwa gizani, penye hewa, mpaka vipone, ndipo hutiwa guniani. Naye akatayeye kiazi cha mbegu hukingoja siku kadhaa kabla ya kukipanda.

Jaribu mwenyewe. Kata kiazi kibichi, na kingine kilichochemshwa. Viweke kivulini, chini ya gunia lenye unyevu kidogo, kwa siku kumi. Kibichi utakiona kimefanya ngozi ngumu. Kilichochemshwa kitaoza, maana kilikufa chunguni. Kilicho hai tu ndicho hujiponya.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiazi hujua kuziba ufa wake. Kwetu chataka subira tu.

Maswali
1. Ganda la kiazi lina kazi gani?
2. Kwa nini haifai kuanika juani viazi vilivyokatwa?
3. Kwa nini kiazi kilichochemshwa hakiponi?