Pwani Ijitenge? Hebu Tuisome Hati Kwanza

Kuna swali ambalo mtu wa pwani akiishi Nairobi halikosi. Ataulizwa na mtu wa bara kwa utani, au ataulizwa na mwenzake wa pwani asiyetania hata kidogo. Swali lenyewe ni hili: Je, Pwani ni Kenya? Na likishaulizwa hilo, la pili hulifuata kama tanga lifuatavyo upepo: Na kama si Kenya, mbona haijitengi?

Mimi nimelisikia nje ya Msikiti wa Jamia baada ya swala ya Ijumaa, watu wanapovaa viatu na kuulizana habari za nyumbani. Nimelisikia ndani ya matatu ziendazo Kawangware. Nimelisikia pia katika sebule za Kileleshwa, wanakokaa vijana wetu waliosoma na kupata kazi za maana. Aghalabu anayeliuliza huwa na uchungu wa kweli moyoni. Lakini nimeona kuwa wengi tunaobishana hatujapata kuisoma hati ambayo ubishi wote umejengwa juu yake. Mmoja husema Pwani ilikodishwa kwa miaka hamsini, mwingine husema mia, na wa tatu huapa kuwa muda umekwisha na wenyewe wamefichwa. Hebu leo tuisome.

MAILI KUMI ZA SULTANI

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakapimiana Afrika ya Mashariki, wakakubaliana kuwa ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini, ni milki ya Sultani wa Zanzibar. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini alitia sahihi mkataba na Waingereza kwamba wao wautawale ukanda huo wa upande wetu kwa niaba yake, nao wamlipe kodi kila mwaka. Mwaka 1920 bara ikafanywa koloni la Mfalme wa Uingereza, na ukanda wetu ukabaki himaya. Ndiyo sababu nchi hii iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani ikapepea Ngomeni, Mombasa, hadi mwaka 1963.

Kwa hivyo asemaye kuwa Pwani ilikuwa na hukumu yake mbali hasemi uongo.

Uhuru ulipokaribia, wazee wetu waligawanyika. Wako waliotaka Mwambao uwe nchi peke yake au upewe madaraka yake, na wengi wao walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini. Wako waliokataa, na miongoni mwao alikuwa Ronald Ngala wa chama cha KADU, aliyetaka majimbo ndani ya Kenya moja. Wamijikenda wengi walikuwa upande huo, kwa kuhofia kuwa Mwambao huru ungewarudisha chini ya mabwana wa zamani. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliletwa asikilize kila upande, naye akashauri ukanda uunganishwe na Kenya, pamoja na dhamana kwa watu wake. Kura ya wananchi haikupigwa.

MAMBO MATANO

Mwezi wa Oktoba 1963 waziri mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua, na tarehe 8 mkataba ukatiwa sahihi mjini London. Ulisema kuwa siku Kenya itakapopata uhuru, ukanda utatoka katika milki ya Sultani na kuwa sehemu ya Kenya, na mkataba wa 1895 utakufa. Muda haukutajwa. Hakuna hamsini wala mia. Haikuwa kukodisha tena, ilikuwa kutoa.

Lakini haikuwa kutoa bure. Serikali ya Kenya iliahidi mambo matano. La kwanza, uhuru wa dini. La pili, mahakama ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine ibaki kwa mambo ya Waislamu. La tatu, katika sehemu zenye Waislamu wengi, watawala wake kadiri iwezekanavyo wawe Waislamu. La nne, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri iwezekanavyo. La tano, hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kutolewa ziheshimiwe.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalim na mkono wa fimbo twajua kuwa Sura ya Al-Maida yaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba, na kuwa katika Al-Baqara imo aya ndefu ya deni, inayotaka deni liandikwe na mashahidi wawepo. Basi deni hili liliandikwa. Lakini tazama, msomaji, nani alikuwa mdai! Mtu wa Lamu, wa Mombasa, wa Malindi, sahihi yake haimo. Aliyetia sahihi kwa ajili yake ni Sultani na serikali ya Zanzibar. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya, Mapinduzi yaliwaondoa wote wawili. Sultani Jamshid bin Abdullah alikwenda kuishi Uingereza, akahamia Oman mwaka 2020, akafariki huko Desemba 2024. Deni likabaki na mdeni, mdai hayupo. Hapo ndipo penye kidonda, si penye muda uliokwisha.

LIPI LIMETIMIZWA?

Tuwe waadilifu. Misikiti yetu i wazi. Makadhi wamo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170, ingawa Mei mwaka huo majaji wa Mahakama Kuu hapa Nairobi walitoa hukumu ya kuwapinga, na makanisa mengi yakafanya kampeni ya kutaka watolewe. Agosti wananchi wakapiga kura, Katiba ikapita na makadhi wakabaki. Kiarabu kinafundishwa katika baadhi ya shule, kwa atakaye. Ama habari ya watawala, wazee wetu wamelalamika miaka na miaka, na majimbo yaliyowekwa 1963 yalikuwa yamekwisha nguvu kabla ya uhuru kutimiza miaka miwili.

Lakini jambo la tano, la ardhi, lina mambo. Ahadi ile ililinda mwenye hati. Na hati nyingi zilitokana na sheria ya Waingereza ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ya ukanda ajitokeze athibitishe. Mkulima aliyelima shamba la babu yake bila karatasi hakuwa na la kuonyesha. Akaamka siku moja akaitwa maskwota juu ya makaburi ya wazee wake. Kwa hivyo malalamiko makubwa kuliko yote ya Pwani hayakutokana na kuvunjwa kwa mkataba. Yalifungiwa ndani ya mkataba wenyewe.

Hili ndilo linalofafanua ajabu moja. Mwaka 1961 Wamijikenda wengi waliukataa Mwambao. Lakini kundi la Mombasa Republican Council, lililoanzishwa 1999 na kuvuma kwa neno lake la Pwani si Kenya, lilipata wafuasi wake wengi Kwale na Kilifi, kwa wajukuu wa hao hao waliokataa! Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2016. Katikati ya hayo vijana walikamatwa, wengine wakapoteza maisha, na mama zao wakabaki na matanga. Hao si watu wa kufanyiwa mzaha.

MPAKA UPITE WAPI?

Sasa niliulize swali bila ya kuficha. Ikiwa Pwani itajitenga, itajitenga kwa hoja gani? Ikiwa ni kwa karatasi ya 1895, basi ni maili kumi tu, na Voi, Wundanyi na Hola zabaki Kenya. Mgiriama aliye ndani ya maili kumi atapita forodhani kwenda kumzika ndugu yake aliye nje. Na ikiwa ni Pwani nzima, zile kaunti sita, basi karatasi ya Sultani haina kazi tena na yatubidi tutafute hoja nyingine.

Tusisahau kuwa mwaka 1964 wakuu wa Afrika walikutana Cairo wakaazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Walioivuka azma hiyo wamelipa kwa damu. Sudan Kusini walitia sahihi mkataba wao wa amani papa hapa Nairobi, Januari 2005, wakawa huru Julai 2011, na Desemba 2013 wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Bendera mpya haikuwapa mashamba wala shule.

Na wanasiasa wetu je? Novemba 2017, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, magavana wawili, Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi, walitangaza kuwa watatafuta njia ya Pwani kujitenga. Mwaka 2022 Kingi alichaguliwa Spika wa Seneti, na mwaka 2024 Joho akawa waziri. Siwalaumu kwa kushika kazi Nairobi, kwani hata mimi mkate wangu uko Nairobi. Lakini kijana aliyewaamini mwaka 2017 ana haki ya kuuliza ile nchi imefikia wapi.

YA KAWANGWARE NA KIBERA

Hapa magharibi mwa jiji, Lavington na Kawangware zimepakana. Upande mmoja kuna ua wa maua na lango la umeme, upande wa pili mabati na mitaro. Kijana mmoja wa Kwale, bawabu wa usiku Lavington na mpangaji wa Kawangware, aliniambia: "Ami, kwetu naambiwa Nairobi ndiyo iliyotula. Hapa jirani zangu wa Nairobi nao hawana hata kiwanja cha kuchimbia choo. Aliyetula ni nani basi?" Sikuwa na jibu bora kuliko swali lake. Dhuluma haikufuata mpaka wa maili kumi.

Nendeni Kibera mkawaulize Wanubi, Waislamu wenzetu. Babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, na mwaka 1918 walitengewa ekari 4,197. Mwaka 2017 walipewa hati ya jamii ya ekari 288. Wao hawakuwa na bahari wala Sultani wa kumtaja, wala mahali pa kujitenga. Walishika madai yao kizazi baada ya kizazi, mahakamani na ofisini, na kidogo walichopata wanacho kwa maandishi.

Rai yangu ni hii. Pwani isijitenge, lakini isinyamaze. Mkataba wa 1963 upigwe chapa kwa Kiswahili, usomwe katika vyuo na mabaraza, ili kila mtu ajue kilichoahidiwa na kisichoahidiwa. Kwa kuwa mdai wa kwanza hayupo tena, wabunge, maseneta na magavana wa kaunti zote sita, Waislamu na wasio Waislamu, wajifanye wadai, kila mwaka wamuulize mdeni amelipa ngapi. Na lile lisiloandikwa 1963, yaani shamba la asiye na hati, liandikwe sasa. Inawezekana. Septemba 2022 shughuli za kutoa mizigo bandarini zilizokuwa zimepelekwa bara ziliamriwa zirudi Mombasa, baada ya miaka ya watu kudai bila ya kuchoka, na hakuna mpaka uliochorwa.

Nakuaga, msomaji, kwa ubeti huu nilioutunga:

Ajuaye haki yake, haoni haya kudai,
Hati aishike yake, kuitupa haifai,
Na jirani amshike, peke yake hasimai,
Deni na liandikike, kwa kelele halizai.