Nyumba ya Nyasi Huko Thika

Msafiri aondokaye Nairobi leo kwenda Thika hupita katika barabara pana iliyokamilika mwaka 2012. Magari yasiposongamana, kwa muda usiotimia saa moja huwa amekwisha pita Ruiru na Juja, naye amefika. Pande zote mbili haoni ila majumba ya ghorofa, maduka, na ploti zilizozungushiwa kuta za mawe. Mwaka 1912 mambo hayakuwa hivyo. Reli ilikuwa bado haijafika Thika, maana ilifika mwaka 1913, na mwenye mizigo alisafiri kwa gari la kukokotwa na maksai, wala hakutumaini kufika kabla ya jua kuchwa.

Miongoni mwa walioifuata njia hiyo walikuwamo Bwana Josceline Grant na mkewe, Bibi Nellie, waliotoka Uingereza. Bibi Nellie alikuwa hajatimiza miaka 30. Mtoto wao wa pekee walimwacha kwao, akaletwa mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 6. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Elspeth Huxley, na mwaka 1959 akatunga kitabu juu ya maisha hayo, The Flame Trees of Thika, ambacho mwaka 1981 kilifanywa mchezo wa televisheni huko Uingereza. Wasomaji waliokisoma watakumbuka kuwa humo wazazi wake wanaitwa Robin na Tilly. Mwandishi alibadili majina, tena alikuwa akikumbuka mambo ya utotoni baada ya miaka zaidi ya 40, basi si vema kukishika kitabu kile kama ushahidi wa barazani. Lakini shina la habari ni la kweli: watu wawili waliochukua eka 500 za pori karibu na mto Chania, wakaziita Kitimuru, wakakusudia kupanda kahawa, nao hawakuwa na mahali pa kulaza kichwa.

Thika yenyewe ilikuwa bado si mji. Watu wengi walipaita Chania Bridge, yaani darajani. Palikuwa na maduka machache ya Wahindi, na hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908 karibu na maporomoko ya maji. Kabla ya kufika huko, upande wa Juja, palikuwa na makao ya tajiri wa Kimarekani, William Northrup McMillan, ambaye mwaka 1909 alimkaribisha Bwana Theodore Roosevelt aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Hayo yalikuwa makao ya mtu mwenye mali. Bwana na Bibi Grant hawakuwa na mali ya namna hiyo. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya nyasi.

Nataka kueleza nyumba ya namna ile ilivyojengwa, maana vijana wengi siku hizi hawajapata kuiona. Miti hukatwa na kusimamishwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba za magome, bila msumari hata mmoja. Kuta huvikwa nyasi, na paa huezekwa kwa nyasi hizo hizo. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa ukapakwa samadi ya ng'ombe, ukikauka huwa mgumu na hauna vumbi. Nyumba hiyo ni ya baridi wakati wa jua na ya joto wakati wa ubaridi, kuliko bati. Ubaya wake ni kwamba nyasi ni makao ya kila mdudu apendaye kulala pamoja na wanadamu, moto ukishika hakuna wa kuuzima, na paa lake halikingi maji ya kunywa. Maji yalitekwa mtoni.

Waliojenga walikuwa Wakikuyu, nao walijua kujenga. Lakini walijua kujenga nyumba ya mviringo, na bwana mwenye shamba alitaka nyumba yenye pembe nne. Mviringo haukuwa upungufu wa akili, kama walivyodhani walowezi wengi. Bwana Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, ameeleza kuwa Mkikuyu alipotaka nyumba aliwaita jamaa na marafiki. Wanaume wakakata miti na kuisimamisha, wanawake wakaleta nyasi za kuezekea, na kazi yote ikaisha siku ile ile, moto ukawashwa na wenyewe wakalala humo. Haikuwa halali kuiacha nyumba bila kumalizika usiku ukaingia, kwa kuwa iliogopwa kwamba pepo wabaya wangetangulia kuikalia. Kazi ya siku moja kwa mikono mingi haina budi kuwa na umbo ambalo kila mkono unalifahamu tangu utoto. Na malipo yalikuwa karamu, si fedha.

Basi, kwa nini watu wenye ujuzi huo walikwenda kumjengea mgeni kwa rupia? Jibu limo katika nyumba zenyewe. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba, ili asipatikane wa kuponyoka. Kijana Mkikuyu aliyeoa akamjengea mkewe nyumba, jambo la furaha kuliko yote, papo hapo alikuwa amejijengea deni kwa Serikali. Deni hilo halikulipwa kwa mbuzi wala kwa viazi, bali kwa fedha, na fedha zilikuwa katika mashamba ya walowezi. Kwa hiyo naamini kuwa miongoni mwa waliofunga fito za Kitimuru walikuwamo vijana wenye nyumba zao mpya ng'ambo ya mto, wakitafuta rupia za kuwawezesha kulala humo kwa amani. Kulikuwa na wanandoa wa namna mbili mahali pamoja, lakini kitabu ni cha wanandoa wa namna moja. (Nasi makarani, ambao tangu mwaka 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu inatukata asilimia 1.5 ya mshahara, tunasoma habari za kodi ya nyumba kwa moyo wa kuhurumiana.)

Jambo la pili lililonishangaza ni hili: watu waliokuwa na eka 500 walikubali kulala katika nyasi. Sababu yake mkulima ataifahamu mara moja. Mbuni huhitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, na katika miaka hiyo shamba hula tu, halileti. Miche, mashimo, maksai, mishahara, vyote hutangulia. Mwenye kuanza na nyumba ya mawe angejikuta na sebule nzuri na shamba la magugu. Tena hata hivyo hawakukaa wakastarehe. Vita vya mwaka 1914 vilikuja, Bwana Grant akaenda jeshini, na mwaka 1915 Bibi Nellie na mtoto wakarudi Uingereza. Walirejea baada ya vita, kisha katika miaka ya 1920 Bibi Nellie akahamia Njoro, ambako alilima hata mwaka 1965. Kati ya ile nyumba ya kwanza ya nyasi halikubaki hata tofali, kwa kuwa halikuwamo.

Kilichobaki ni karatasi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha walowezi kukodi ardhi ya Serikali kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikairefusha hata miaka 999. Aliyekuwa na karatasi hiyo angeweza kulala chini ya nyasi, au chini ya mti, na bado akawa mwenye mahali. Wakikuyu wa ukoo, yaani mbari, nao walikuwa na githaka, mashamba yenye mipaka iliyojulikana kwa miti na mito na kwa vinywa vya wazee. Ila katika miaka ya 1898 na 1899 njaa kuu na ndui viliwaua watu wengi katika Kiambu, na waliosalia wakakimbilia kwa jamaa zao mbali. Wageni walipofika mara baadaye waliona vichaka palipokuwa na mashamba, wakaandika kwamba nchi ni tupu. Mpaka uliokuwa mdomoni mwa mzee aliyekufa kwa ndui haukuweza kusomwa na mpimaji.

Haya yote nisingeyatafakari sana kama si shida yangu mwenyewe. Mwaka 2019 mimi na mke wangu tulianza kulipia kidogo kidogo ploti ya futi 50 kwa 100 nje ya Ruiru, katika ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Nilikuwa nimekwisha chora nyumba ya mawe, vyumba vitatu vya kulala, na veranda ya mbele. Mke wangu alitazama karatasi yangu, akaniuliza, "Na hati iko wapi, Baba?" Nikamjibu kuwa muuzaji amesema inatengenezwa. Akasema, "Basi nasi tutengeneze nyumba ya kungojea." Tulibishana majuma mawili. Nilimwambia kuwa rafiki zangu wa afisini watanicheka. Mwishowe tulijenga vyumba viwili vya mabati vyenye sakafu ya saruji, na fedha zilizosalia tukanunulia tangi la maji na mifereji ya paa. Nakiri kuwa sikufanya hivyo kwa moyo mweupe.

Mvua za kwanza zilinipunguzia kiburi. Paa letu ni la futi 20 kwa 12 tu, lakini mvua ya milimita 25 hutupatia karibu lita 500, na majirani wenye nyumba za mawe zisizo na mifereji walikuwa wakinunua maji kwa mtungi. Ubaya wa bati ni joto la mchana na kelele za mvua, hata ikatupasa kunyamaza mpaka ipite.

Tulipochimba choo tulikutana na kisiki cha mbuni, mizizi yake ikiwa migumu kama chuma. Cucu mmoja jirani yetu, mwenye umri wa karibu miaka 80, alikuja kutazama. Alikiinua kipande cha mzizi akakinusa. Akatuambia kuwa alipokuwa msichana alichuma kahawa mahali hapo, akilipwa kwa debe, na kwamba nyapara alikuwa akilitikisa debe ili buni zishuke ziongezwe nyingine. Kisha akanyosha fimbo yake kuelekea bondeni, akasema kuwa githaka ya babu yake ilifika hata kule penye mtiririko wa maji. Nikamwuliza kama aliwahi kurudishiwa chochote. Akacheka.

"Mwanangu, nilinunua," akasema. "Tulikuwa akina mama wengi. Tulitoa hisa kwa miaka, shilingi za maziwa na za viazi, kampuni ikanunua shamba kwa Mzungu, tukagawana kwa kura. Kura yangu ikaangukia upande wa juu. Kwa babu iliangukia mtu mwingine, wa kutoka Murang'a. Ni mtu mwema."

Aliniita nyumbani kwake akanionyesha hati yake, aliyoiweka katika mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za kanisani. Nyumba yake ni ya mbao, vyumba viwili, na haijapata kupakwa rangi. Aliniruhusu niisome mpaka mwisho, kwa kuwa yeye hajui kusoma, ingawa kila mstari aliujua ulipo.

Siku ya pili yake nilimwambia mke wangu kuwa rafiki zangu wa afisini wacheke wakitaka. Nilikwenda kutazama daftari la msajili wa ardhi, jambo ambalo lilinipasa kulifanya kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, nami karani! Nikakuta kuwa shamba mama halijakatwa bado. Ploti yetu haina namba yake yenyewe. Muuzaji alipoona nimeshika nakala ile alibadili maneno, akaanza kuniita mheshimiwa. Mpimaji alikuja mara mbili. Nambari imekwisha toka, na hati tumeahidiwa kwamba iko njiani, ingawa ahadi za namna hiyo nimejifunza kuzipokea kwa mkono mmoja.

Mke wangu amepanda kifabakazi penye pembe ya chini, ule mti wa maua mekundu kama moto ambao Bibi Nellie aliupenda. Mawe ya msingi tumekwisha nunua, yamelundikwa nyuma ya choo, na kuku wa cucu wanatagia humo.