Maneno ya Wakati katika Barua ya Kiingereza

Karani aombaye kazi, au mkulima atafutaye haki ya shamba lake, aweza kuandika barua ya Kiingereza yenye maneno mazuri, kisha akaharibu shauri lake kwa kitenzi kimoja kisichopatana na neno la wakati. Mara nyingi kosa hilo hutokana na kufuata Kiswahili neno kwa neno.

Mtu husema, "Nimepeleka fedha jana," wala hapana amshangaaye, kwa kuwa "-me-" yakubali kukaa pamoja na "jana". Kiingereza hakikubali. Maneno yatajayo wakati uliokwisha, kama "yesterday", "last week" au "in 1954", hutaka kitenzi cha wakati uliopita: "I sent the money yesterday." Bali "I have sent the money" hufaa pale siku isipotajwa, na jambo kubwa ni kwamba fedha zimekwisha pelekwa.

Kosa la pili lina hatari zaidi. Mkulima aliyekaa shambani miaka kumi, naye yupo hata sasa, akiandika, "I lived on this land for ten years," asomaye atadhani kwamba amekwisha hama. Wala asiandike, "I am living here since 1954," ingawa Kiswahili chasema, "Ninakaa hapa tangu 1954." Lililo sahihi ni "I have lived here since 1954", au "for ten years". "Since" hutaja mwanzo. "For" hutaja urefu wa muda.

La tatu ni la siku zijazo. Kwa sababu "nitakapouza" ina "-ta-", wengi huandika "when I will sell". Lakini "when" isiyo ya swali, pamoja na "before", "after" na "until", hufuatwa na kitenzi cha wakati uliopo, hata jambo likiwa bado kutendeka: "I shall pay when I sell the maize."

Basi kabla ya kufunga bahasha, yafaa mwandishi apige mstari chini ya kila neno la wakati, na kujiuliza: Je, wakati huu umekwisha? Au ulianza zamani, nao waendelea? Au bado haujafika? Akipata jibu, ndipo achague kitenzi. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini barua ikishafika ofisini, mwenyewe hayupo kueleza alivyokusudia.